Dhoruba Iliyozikwa Alhamisi

Githinji hakuwa mvivu. Hilo tuliseme mapema, asije mtu akamsingizia. Kasoro yake ilikuwa nyingine: alipenda mno kumaliza. Wali ukibaki kidogo sahanini, ataumaliza hata kama tumbo limekataa. Sinema ikiwa mbaya, ataitazama hadi majina ya mwisho. Na faili ikiwa wazi mezani Alhamisi saa tisa alasiri, ataifunga, iwe imeiva au haijaiva. Na Doha, nakwambia, Alhamisi alasiri ina ushawishi wake. Wiki imekwisha, kesho ni Ijumaa, watu wanaagana kwenye lifti kwa sauti za harusini, na wewe ni nani ubaki umeikodolea macho kompyuta?

Kazi yake ilikuwa kuziandikia meli barua za hali ya hewa. Ofisi yenyewe ndogo, ghorofa ya tatu pale Al Sadd, juu ya duka la mabuibui. Kila siku mara mbili manahodha kumi na mmoja walipata barua yake popote walipokuwa duniani: upepo unatoka wapi, mawimbi yana kimo gani, dhoruba ipo au haipo. Na walimsikiliza. Githinji akisema subiri, meli inasubiri. Akisema nenda, inakwenda.

Mle ofisini kulikuwa na meza mbili za dhoruba. Githinji alishika Atlantiki. Hannah, Mganda wa Masaka mwenye kicheko cha kusikika hadi mapokezi, alishika Pasifiki. Mpaka wao ulikuwa ule ukanda mwembamba wa nchi kavu unaoziunganisha Amerika mbili. Dhoruba ikiusogelea mpaka, Githinji humwandikia mwenzake kikaratasi: inakuja kwako, jiandae. Ikifia mikononi mwake huizika mwenyewe: anaandika neno moja juu ya faili kwa kalamu nyekundu, Khalas, yaani kwisha, kama mudiri wao, mkuu wa ofisi, alivyowazoeza, na faili inaingia kabatini. Wiki hiyo ya Oktoba Hannah alikuwa likizoni, nyumbani kwake Al Rayyan na mtoto wa miezi minne, kwa hiyo meza zote mbili zilikuwa za Githinji. Zote mbili. Shika hapo.

Dhoruba ya wiki hiyo iliitwa Delmira. Watu hudhani vimbunga vya Amerika huzaliwa Amerika. Wapi! Huyu alianza kama mawingu ya radi juu ya milima ya Ethiopia, mvua ya mchana tu, ya kumfanya mtu aanue nguo kambani. Akavutwa magharibi, akapita Sudan, Chad, Niger, hana jina na hana anayemjali, mpaka akatokea baharini upande wa Senegal. Huko akakuta maji ya moto, na maji ya moto kwa dhoruba ni kama uji kwa mtoto. Akanywa siku tisa. Alipofika Karibi alikuwa ameshapewa jina, ana jicho katikati, na redio zinamtaja kila saa. Jumatano akaipiga pwani ya Nikaragua, akang'oa mapaa ya watu, kisha akajitia kupanda milima. Mlima haubembelezi dhoruba. Alhamisi asubuhi vipimo vya chini vilionyesha upepo wake umesambaratika, na kituo cha dhoruba kikatoa taarifa ya mwisho juu yake.

Sasa, upande wa pili wa milima hiyo, kwenye bandari moja ya Guatemala inayotazama Pasifiki, meli iitwayo Warda ilikuwa inapakia sukari. Safari yake ilikuwa kushuka na pwani hadi mfereji wa Panama. Watu kumi na tisa, nahodha Mghana aitwaye Kapteni Cornelius, na jikoni mpishi Mkenya wa miaka ishirini na sita, Gerishon, ndugu mdogo wa Shiru, mke wa Githinji. Twende mbele turudi nyuma, Githinji ndiye aliyemtafutia kijana kazi hiyo. Mama mkwe kule Nyeri hakutaka. Alisema mtoto wake wa mwisho hajui hata kuogelea. Githinji akamwambia, "Mama, meli zile mimi ndiye ninayezilinda."

Ndiyo maana wiki nzima Shiru, ambaye ni muuguzi, hakutoka kwenda zamu bila kuuliza. Anavaa viatu mlangoni kwao, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, mkoba begani, anauliza, "Baba Wairimu, huyo mwanamke yuko wapi leo?" Na Githinji anamjibu kama mtu anayemjua Delmira tangu utotoni: leo yuko hapa, kesho atakuwa pale, Gerishon yuko bandarini, nenda kazini kwa amani. Na kila siku alimwandikia Kapteni Cornelius: usitoke, usitoke, usitoke.

Alhamisi saa tisa akaandika: "Delmira amekwisha. Njia iko wazi. Safari njema."

Kulikuwa na ukurasa mwingine. Ukurasa wa Pasifiki, ambao Githinji aliufungua asubuhi saa mbili ukiwa mtupu, ulikuwa umeongezwa duara jekundu saa nane mchana: mabaki ya Delmira yanavuka milima, yana nafasi saba kwa kumi ya kuamka tena baharini. Mistari miwili tu. Kwa miaka mitano bahari ya Githinji ilikuwa inaishia ufukweni, na mkono ulishazoea hivyo. Hakuufungua tena. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika Khalas, akazima taa.

Shiru alipopewa habari jikoni, alicheza. Alicheza kweli, na mwiko mkononi, katikati ya jiko na friji ambapo hata mtu kugeuka ni taabu. Akampigia mama yake Nyeri papo hapo. Kesho yake kanisani, kwenye ibada ya Ijumaa, siku ya mapumziko Doha, akasimama mbele ya watu mia mbili akashukuru: Mungu ameivunja dhoruba juu ya mlima, ndugu yangu yuko salama. Kanisa likapiga makofi. Githinji naye akapiga makofi, na tuseme ukweli, alijipongeza kidogo moyoni. Warda ilikuwa imefungua kamba saa moja asubuhi ile, ambayo kule Guatemala ilikuwa bado Alhamisi saa nne ya usiku.

Walikuwa wamerudi nyumbani, Shiru yuko kwenye sufuria na Githinji ameshavua shati la kanisa, simu ilipolia. Hannah.

"Githinji, Anselmo umemwona?"

"Anselmo gani?"

"Wa Pasifiki. Amepewa jina sasa hivi, saa sita."

"Huyo ni wako," Githinji akasema, akicheka.

"Mimi niko likizo, ssebo! Meza unayo wewe. Na huyo si mgeni. Huyo ni Delmira."

"Delmira alikufa jana. Nimemfunga mimi mwenyewe."

"Banange! Umemfunga wewe, mlima haukumfunga. Chini alivunjika, lakini juu aliendelea kuzunguka. Amevuka, amekuta maji ya moto, ameamka. Sheria yao si unaijua? Akivuka mzima anabaki na jina lake. Akivunjika akajiunga upya anapewa jipya. Nimeona nikuulize tu. Warda bado iko bandarini, si ndiyo?"

"Warda imetoka saa moja," Githinji akasema. Akakaa juu ya kitanda na simu sikioni. Meli ilikuwa njiani kwa saa sita nzima, inashuka na pwani kuelekea kusini mashariki. Dhoruba ilikuwa inapanda na pwani ile ile kuelekea kaskazini magharibi. Mtu hahitaji shule kujua hao wawili watafanya nini.

"Umesema nini kuhusu Warda?" Shiru alikuwa mlangoni.

"Hali imebadilika kidogo."

Kidogo! Msikie mtu mzima. Lakini Shiru hakuwa mke wa kuambiwa kidogo akaridhika. Alimtazama usoni, akazima jiko bila hata kulitazama, akampigia Gerishon. Simu haikupatikana. Akamtumia ujumbe, tiki moja. Akatuma mwingine, tiki moja.

Namba za simu za meli hazikuwa zinatoka ofisini. Hiyo ilikuwa amri ya mudiri, na siku nyingine zote Githinji aliiona ni amri ya busara. Wakatoka. Ilikuwa saa ya mapumziko ya Ijumaa, maduka yote yameshusha vyuma, teksi hakuna hata moja ya kusingizia. Wakatembea, kisha wakakimbia, kutoka Bin Mahmoud hadi Al Sadd kwenye jua lile la saa saba ambalo hata paka huliheshimu. Shiru alikuwa na gauni la kanisani na sandali za jikoni. Alitangulia mbele bila kugeuka, na Githinji alitamani amtukane.

Mlangoni wakamkuta Kiprop, mlinzi wa jengo, kijana wa Eldama Ravine, na feni yake ndogo ya mezani.

"Boss, leo ni Ijumaa," Kiprop akasema. "Mudiri alisema bila barua hakuna kupanda."

"Kiprop, kuna meli."

"Meli zipo kila siku, boss."

"Kuna ndugu yangu," Shiru akasema.

Kiprop akamtazama yeye, akazitazama zile sandali, akasimama kuchukua funguo. "Nitaandika kwenye daftari kwamba mmeingia, na saa. Hiyo siwezi kuacha, madam. Ni kazi yangu."

"Andika," Githinji akasema. "Andika kila kitu."

Ofisi ilikuwa na joto kali kwa sababu kipoza hewa huzimwa wikendi. Githinji akawasha kompyuta, akaufungua ukurasa wa Pasifiki, na duara lile la jana likamtazama, sasa lina alama ya dhoruba ndani yake na jina Anselmo pembeni. Upepo wake fundo thelathini na tano tu kwa kipimo cha mabaharia. Kwa macho ya mtu asiyejua, mtoto mchanga. Akainua simu ya meli. Ile simu ina taa nyekundu ambayo huwaka mazungumzo yanaporekodiwa, na kila Jumapili asubuhi mudiri husikiliza yote ya wiki akinywa kahawa. Taa ikawaka.

Iliita mara kumi na nne. Kule ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri. Afisa wa zamu akapokea, akaenda kumwamsha nahodha, na baada ya muda ambao Shiru aliuhesabu kwa kucha juu ya meza ya Hannah, sauti nzito ya Kapteni Cornelius ikaja, Kiingereza cha Tema kule Ghana na usingizi ndani yake.

"Kapteni, ni Githinji wa Doha. Nakushauri urudi bandarini."

"Kwa sababu ya huyu Anselmo? Nimeamshwa kwa ajili yake mara moja tayari. Amezaliwa saa hizi. Fundo thelathini na tano! Bwana Githinji, upepo huo mimi nimeupita nikinywa chai na kikombe hakijamwagika. Nitajibana na pwani, nitampita."

"Hali imebadilika, Kapteni."

"Imebadilikaje? Nina zamu ya mfereji Jumatatu. Nikiikosa, ni foleni ya siku kumi na mbili. Nigeuze meli kwa sababu hali imebadilika?" Akavuta pumzi. "Jana uliniandikia njia iko wazi. Leo unaniambia nirudi. Nimwamini Githinji yupi, wa jana au wa leo?"

Swali la haki kabisa. Na majibu ya uongo yalikuwepo, tena mazuri, yenye tai shingoni. Picha za setilaiti zilichelewa. Kituo kilitoa taarifa pungufu. Mtandao ulisumbua. Lolote kati ya hayo lingempitisha Jumapili salama mbele ya mudiri, na nahodha angesema sawa, asante, na angeendelea na safari yake, kwa sababu ndivyo watu wa baharini wanavyoyajibu maneno ya watu wa ofisini. Githinji aliitazama ile taa nyekundu. Nyuma yake aliisikia pumzi ya mkewe.

"Wa leo," akasema. "Wa jana hakusoma."

"Hakusoma nini?"

"Kulikuwa na onyo, Kapteni. Jana saa nane, ukurasa wa Pasifiki. Walisema mabaki ya Delmira yanaweza kuamka, saba kwa kumi. Mimi ndiye niliyekuwa na ukurasa ule na sikuufungua. Ilikuwa Alhamisi, nilitaka kwenda nyumbani. Nikakuandikia amekwisha bila kuangalia." Akaivuta ramani karibu. "Anselmo si mtoto wa saa hizi. Ni Delmira yule yule, wamembadilisha jina tu. Mzunguko wake wa juu haukuvunjika, kwa hiyo haanzi moja, anaendelea pale alipoachia. Wewe unamhesabia fundo thelathini na tano. Kufikia mchana wako atakuwa kimbunga, na wewe utakuwa usoni pake. Geuza, nakuomba."

Kule melini mlango ukafungwa.

"Mazungumzo haya yanarekodiwa?" Kapteni Cornelius akauliza.

"Ndiyo."

"Na umeyasema hayo yote."

"Ndiyo, Kapteni."

"Miaka thelathini na mmoja niko baharini," nahodha akasema taratibu, "sijamsikia mtu wa ofisini akisema hakusoma." Kisha akageuza mdomo kutoka kwenye simu, na Githinji akamsikia akimpigia kelele afisa wake kwa sauti ya kuamsha meli nzima: usukani, geuza, turudi, turudi sasa hivi!

Githinji akaiweka simu chini. Nyuma yake Shiru alikuwa amekaa kwenye kiti cha Hannah.

"Ulitaka kwenda nyumbani," akasema.

"Ndiyo."

"Jana nimecheza jikoni, Githinji. Nimempigia mama. Leo nimesimama mbele ya kanisa zima nikapigiwa makofi." Hakuwa anapaza sauti, na ni afadhali angepaza. "Na uliponiona mlangoni ukaniambia kidogo."

"Niliogopa."

"Mimi je? Mimi siogopi?"

Kosa la mume kwa mke huhukumiwa papo hapo, halina rufaa. Githinji akavuta kiti, akaanza kumwandikia mudiri barua. Aliiandika mwenyewe, yote, kuanzia saa ya ule ukurasa hadi saa ya simu, akaituma kabla hajapata akili ya kuipunguza. Majibu yalikuja baada ya dakika ishirini: Jumapili saa mbili asubuhi, ofisini kwangu. Basi. Githinji akasoma mara mbili, akagundua kwamba habari hiyo, ambayo jana ingemkosesha usingizi, leo haikumuuma hata kidogo. Moyo wake wote ulikuwa kwenye nukta moja ya kijani kwenye skrini.

Ile nukta ilikuwa Warda. Ilikuwa imegeuka. Lakini meli iliyojaa sukari haiendi mbio, na mawimbi yalishaanza kuisukuma ubavuni. Saa tisa ikasogea upana wa ukucha. Saa kumi, upana wa ukucha. Kiprop akapanda na vikombe vitatu vya chai ya karak, akaviweka bila kuuliza, akabaki amesimama na kofia mkononi. Saa kumi na mbili kituo kikatoa taarifa mpya: Anselmo fundo hamsini na tano. Kiprop akauliza kama hizo ni nyingi. Kisha akajijibu mwenyewe kwa kukaa chini.

"Unajua kinachoniudhi?" Shiru akasema ghafla. "Kwetu mtoto hupewa jina la bibi yake ili bibi asipotee. Ukimwita mtoto, umemwita bibi. Hawa wenzetu bibi ni yule yule, hasira ni zile zile, halafu wanampa jina la kijana. Sasa mtu atamtambuaje?"

"Kwa kusoma," Githinji akasema.

Shiru akamtazama. Mdomo ukamcheza pembeni, akaukaza, ukamshinda. Alicheka kicheko kifupi chenye machozi ndani yake, akampiga bega kwa ngumi, na ngumi yenyewe ilikuwa ya kweli, ilimwachia alama. Lakini akasogeza kiti chake karibu, na kuanzia hapo wakaitazama ile nukta bega kwa bega.

Saa mbili na robo usiku ujumbe ukaingia. Githinji akausoma kwa sauti, na ilibidi aanze mara tatu.

"Warda imefungwa gatini, ndani ya ukuta wa bandari. Watu kumi na tisa, wazima wote. Vyombo vya jikoni vimevunjika nusu. Zamu ya mfereji imepotea, na ipotee. Cornelius."

Mayowe ya Shiru yalisikika barabarani. Kiprop akarusha kofia, ikagonga kipoza hewa. Githinji alibaki amekaa huku mkewe amemkumbatia kichwa kama mtu anayebeba tikiti maji, analia na kucheka na kumwita Baba Wairimu, Baba Wairimu, jina ambalo hakulitaja tangu mchana. Ahueni ile ilimwingia Githinji mwili mzima. Alihisi njaa. Alihisi usingizi. Alitaka kumsalimia kila mtu Al Sadd.

Dakika chache baadaye Gerishon mwenyewe akapiga, kwa picha, uso umemkauka chumvi na nywele zimesimama.

"Sista, nimetapika mpaka nikamkumbuka Yesu!" akasema. "Shemeji yuko wapi? Kapteni anasema tumegeuzwa na mtu wa Doha. Ni yeye?"

"Ni yeye," Shiru akasema.

"Shemeji, wewe ni mtu na nusu! Vile mawimbi yalikuwa, buda, hata masufuria yalikuwa yanasali."

Githinji akainua mkono, akatabasamu. Kwenye skrini ya pili taarifa ya saa tatu ilikuwa imeingia. Anselmo alikuwa kimbunga kamili. Akachukua rula, akapima kwenye ramani mahali Warda ingekuwa saa ile kama isingegeuka. Rula ikaangukia karibu na jicho lenyewe. Akaiweka chini, hakumwonyesha mtu.

Kisha simu ya Shiru ikalia tena, na safari hii ilikuwa Nyeri. Mama yake alikuwa ameshapigiwa na Gerishon, maana kijana alipigia dunia nzima. Shiru akaweka sauti kubwa.

"Nimesikia," mama akasema. "Nimesikia bahari ilitaka kumla na hakuliwa. Nani amemrudisha mtoto wangu?"

"Ni Githinji, mama."

"Asifiwe Bwana. Na nani alikuwa amemwambia atoke? Si mlisema dhoruba imekufa?"

Shiru akamtazama mumewe. Angeweza kumfichia. Alikuwa ameshamsamehe, au alikuwa njiani kumsamehe, na uongo wa mke kwa ajili ya mume kwa mama yake ni uongo mwepesi. Lakini akamsukumia simu mezani.

"Jibu wewe," akasema.

Githinji akaisogelea simu kwa adabu, kama anayeingia kwa wakwe.

"Ni mimi, mama," akasema. "Yote mawili ni mimi. Niliyemwambia atoke ni mimi, na niliyemrudisha ni mimi. Jana sikuifanya kazi yangu vizuri. Nisamehe."

Kiprop akajifanya anaokota kofia. Githinji akangoja kuhukumiwa, na kwa kweli alikuwa tayari. Alikuwa ameshajibu maswali ya nahodha, ya mke, na Jumapili angejibu ya mudiri. Hili nalo angeliweza.

"Haya, baba," sauti ya mama mkwe ikaja, imechoka, haina kisasi. "Nimesikia. Na wewe, tangu mchana uko hapo ofisini, umekula?"

Githinji akafungua mdomo amjibu. Hapo ndipo alipolia.